Maneno ya Mtaani Tu, Baba

9 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Usingizi unaupata? Mimi sijambo, ila nimechoka. Ofisini tunaingia alfajiri, na kutoka ni majaliwa. Barua hii nimempa dereva wa lori la mboga, kwa sababu simu na masikio yako hayapatani kabisa. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Baba, yale matangazo ya asubuhi redioni, yale ya "kaa ndani, uwalinde unaowapenda," nayaandika mimi. Mheshimiwa mkuu wa mkoa anayasoma tu. Ukiyasikia, jua ni mwanao anakusemesha.

Kwenye mfuko kuna barakoa na sabuni. Nakuomba kitu kimoja: ile baraza ya Fundi Saa iache kwanza. Drafti mtacheza ugonjwa ukiisha. Yeye kikohozi chake hakijawahi kupona, mkewe ana sukari, na wewe si kijana, hata ukijipaka mafuta ya nywele kiasi gani. Kaa ndani, baba. Nisaidie nisiwe na wasiwasi.

Msalimie Fundi Saa na mama wa nyumbani kwake.

Mwanao akupendaye


2 Mei

Mama yangu, mwanangu,

Marahaba. Miguu inalalamika lakini inanifikisha. Barakoa nimezipata. Naivaa hata nikifungua dirisha, watoto wa jirani wananiita daktari.

Baraza sijaiacha, ila tumeipanua. Fundi Saa anakaa mlangoni kwake, mimi nakaa upande wangu wa barabara na ubao wa drafti. Yeye anataja kete kwa sauti, mimi namsogezea. Anataja hii, nasikia ile, nasogeza nisiyoambiwa, ananiita mwizi mbele ya wapita njia. Mchezo mmoja unachukua siku nzima.

Lakini juzi alinipandisha hasira. Mpwa wake ana biashara ya kukodisha viti na maturubai huko mjini kwenu. Eti Ijumaa iliyopita amepeleka viti na turubai nyumbani kwa Mheshimiwa, na alipokwenda kuvichukua usiku muziki ulikuwa bado unapigwa, watu wanakula bega kwa bega, barakoa hakuna hata ya dawa. Watu wote barazani walicheka. Fundi akapaza sauti ili nisikie vizuri: "Mkaguzi, unajifungia ndani kwa amri ya mtu anayecheza rumba!"

Nikamwambia binti yangu yuko pale pale. Jambo kama hilo angeniambia.

Unanijua. Nimekagua tiketi kwenye treni maisha yangu yote ya kazi. Mjomba wako nilimshusha stesheni ya katikati kwa sababu hakuwa na tiketi, mama yako analia dirishani, na nikarudi kukaa naye kiti kimoja. Sheria ikianza kuchagua sura imekwisha. Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu bila kuzunguka: ni kweli?

Baba yako


11 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia miguu inakufikisha, ingawa ningependa isikufikishe barabarani.

Kuhusu viti, ni maneno ya mtaani tu, baba. Kulikuwa na kikao cha kazi. Watu walikaa mbalimbali uwanjani, ndiyo maana viti vikahitajika. Siku hizi kila mwenye simu ana lake la kusema. Usijisumbue kubishana nao, utapandisha presha bure.

Endelea kuvaa barakoa. Watu wanakuangalia, wakiona wewe unafuata na wao watafuata.

Mwanao


6 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima kwa mwili.

Barua yako niliisoma barazani kwa sauti. Niliwasomea watu wote mstari ule, "ni maneno ya mtaani tu," nikaurudia mara mbili kwa faida ya Fundi Saa. Nikamwambia amezeeka vibaya, amekuwa mzushi, na mpwa wake ni mwongo. Alichukua kiti chake akaingia ndani.

Nakuandikia kwa sababu nyingine. Mkewe amefariki. Si ugonjwa huu, ni sukari. Huyu ndiye aliyekushonea sare yako ya kwanza ya shule, akakataa kuipunguza urefu kwa sababu ulisema unataka ifike chini kama ya mwalimu. Tumezika Jumamosi.

Unajua mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa. Amri inasema mazishini watu kumi na tano. Kamati iliniweka kwenye geti la makaburi. Walikuja wengi, mwanangu, wale aliowashonea na watoto wa wale aliowashonea. Nilihesabu kumi na tano, nikawarudisha wengine. Walirudi wakinung'unika. Halafu akafika dada wa marehemu, ametembea tangu usiku kwa sababu magari ya abiria yamezuiwa. Fundi akaja getini.

"Huyu ni dada yake," akasema.

Nikamwambia, "Wametimia."

Akaniangalia. Akasema, "Basi aingie yeye, mimi nitabaki nje."

Na alitoka kweli. Alisimama nje ya geti, mke wake yuko ndani. Ikabidi mtoto wake mkubwa atoke ampishe baba yake. Huyo kijana alikaa nje juu ya jiwe mpaka mambo yakaisha, na hakuniangalia hata mara moja.

Silali vizuri. Lakini najiambia kwamba kama amri ni ya wote, basi sikuwa katili, nilikuwa mkali tu. Niambie kwamba ni ya wote.

Baba yako


19 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Najua picha imeshafika huko. Imefika kila mahali. Ni harusi ya kijana wa Mheshimiwa, bustanini kwake, Jumamosi ile ile uliyosimama getini. Yule mwenye gauni la buluu, pembeni, mwenye sahani, ni mimi. Usijisumbue kuvaa miwani.

Barua yako ya mazishi niliipata zaidi ya wiki moja baada ya harusi. Hata ningejua siku ile kwamba mnazika, sijui kama nisingekwenda. Bosi wangu alisema kila mtu wa ofisi apite, hata kidogo tu, ili Mheshimiwa asijisikie vibaya. Nikapita. Nikapewa sahani. Na kile kikao cha Ijumaa hakikuwa kikao. Nilijua ulipouliza. Nilikuwepo.

Nilifikiri nikikuambia ukweli utaacha kuvaa barakoa, utakwenda kukaa barazani, utaugua. Hilo ndilo nililojiambia. Nijibu, tafadhali, hata kwa kunitukana.

Mwanao


8 Julai

Baba,

Shikamoo. Dereva wa lori ameniambia alikupa barua mkononi na ulimshukuru. Basi uko mzima.

Hapa ni vurugu. Redioni watu wanapiga simu kutwa. Wengine wanasema Mheshimiwa ajiuzulu, wengine wanasema mtu hawezi kumzuia mwanawe kuoa, wengine wanasema ugonjwa wenyewe haupo, ndiyo maana wakubwa hawauogopi. Hao wa mwisho ndio wanaonikosesha usingizi.

Nasubiri jibu lako.

Binti yako


25 Julai

Mwanangu,

Marahaba ya barua zote mbili.

Nimemsikia Mheshimiwa. Kwanza alisema picha ni ya zamani. Zilipotoka nyingine, akasema "samahani kama kuna aliyekwazika." Hiyo "kama" ni yako? Nadhani ni yako. Tangu mdogo ukivunja kikombe ulikuwa unasema samahani kama kilikuwa kizuri.

Picha nilionyeshwa barazani. Kijana wa Fundi, yule aliyekaa juu ya jiwe, aliniwekea simu mbele ya uso, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mzee, huyu si dada yetu?" Nikasema ndiye. Akachukua simu yake akaondoka.

Kesho yake nilivaa koti nikaenda dukani kwao. Fundi alikuwa ameinama juu ya saa, lenzi jichoni.

"Saa yako imeharibika, Mkaguzi?"

"Hapana."

"Basi sina kazi na wewe."

Nikamwambia, "Nilikutukana mbele ya watu. Nimekuja kukuomba radhi mbele ya watu." Na watu walikuwepo, wamejaa mlangoni, maana mtaa huu hauhitaji mwaliko.

Akatoa lenzi. Akasema, "Kunitukana nilishasahau, tumetukanana miaka yote hii. Lakini mke wangu alikuwa na marafiki wengi, na wewe uliwahesabu mlangoni kama abiria. Mimi sikukuambia ugonjwa ni uongo. Nilivaa barakoa, nilinawa mikono, nilikaa mbali nawe barabara nzima. Nilikuambia tu kwamba hesabu hii ni ya kwetu sisi peke yetu. Ukanisomea barua."

Akarudisha lenzi jichoni.

Sasa mtaani barakoa wametupa zote. Zimezagaa mtaroni. Sabuni ya kunawia imeondolewa pale kisimani, imekwenda kufulia. Kamati haina wa kumkemea mtu, maana ukifungua mdomo unaulizwa habari za harusi. Mimi bado naivaa, wananicheka. Hata Fundi ameacha kuvaa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kucheka kwao.

Unaniomba nikutukane. Sina nguvu hizo. Nenda ukawaambie watu ulichoniambia mimi, na usitumie "kama."

Baba yako


10 Agosti

Baba,

Shikamoo. Kifua hakikubani? Usiku unafunga madirisha? Naomba uvumilie maswali yangu, sina haki nayo lakini siwezi kuyaacha.

Nilifanya. Kipindi cha asubuhi cha redio, kile cha watu kupiga simu, nikapiga kama mtu yeyote. Mtangazaji akauliza nani anazungumza. Nikasema mimi ndiye ninayeandika matangazo ya Mheshimiwa, na picha si ya zamani, na kauli kwamba ni ya zamani niliandika mimi nikijua si kweli. Nikasema nilikuwepo, nilikula, na nilimdanganya baba yangu, naye kwa uongo wangu akawazuia watu kumzika rafiki yao. Nikasema ugonjwa ni wa kweli, tafadhali msiuchukulie kwamba haupo kwa sababu yetu.

Mtangazaji akaweka matangazo ya biashara.

Mchana nikaambiwa nikusanye vitu vyangu. Mheshimiwa bado yuko ofisini kwake, na matangazo yanaandikwa na mwingine. Sidhani nilibadilisha kitu.

Nataka kuja nyumbani. Barabara zikifunguliwa, nije?

Binti yako


14 Septemba

Mama yangu,

Nimechelewa kukujibu, unisamehe kwa hilo.

Fundi Saa amefariki. Huu ugonjwa wenyewe. Kikohozi chake tulikizoea mno, hakuna aliyejua ni lini kiligeuka kuwa kingine. Walipomchukua alikuwa hawezi kumaliza neno. Hospitali hawaruhusu mtu kuingia, na wana haki. Nilikuwa nakwenda kila siku kukaa kwenye uzio pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine. Siku moja nilimwomba muuguzi amwambie Mkaguzi yuko nje. Alirudi akasema amemwambia. Nikamuuliza, amesema nini? Akasema mzee alikuwa macho, lakini hakusema kitu.

Wanawe walizika Alhamisi. Nilivaa koti tangu asubuhi nikakaa kitandani, nikisubiri mtu aje abishe hodi. Amri bado ni ile ile, watu kumi na tano. Niliwaona wakipita dirishani kwangu. Hawakufika kumi. Nafasi zilikuwepo, mwanangu. Sikuitwa.

Nimejiuliza sana ingekuwaje kama ningelifungua lile geti. Pengine wengi wangeugua, na leo ningekuwa nakuandikia majuto mengine. Sijui. Ugonjwa ulikuwa kweli, hilo sitalikana hata wakinicheka. Lakini dada wa mtu aliyetembea usiku kucha ningemwingiza, nikatoka mimi. Mimi nilikuwa ndani ya ile hesabu. Hilo halikunijia akilini siku ile, limenijia sasa.

Redioni nilikusikia. Jirani aliniongezea sauti mpaka mwisho. Uliongea vizuri, hukutetemeka. Kijana mkubwa wa Fundi alikuwa anapita barabarani, akasimama kusikiliza mpaka ulipomaliza, kisha akaendelea na safari yake.

Unauliza kama uje. Barabara zimefunguliwa tangu jana, na chumba chako nimekitandika. Nakuambia mapema ili usije ukakosea: sijakusamehe bado. Najaribu, siku nyingine naweza, siku nyingine siwezi. Wewe njoo hivyo hivyo.

Ila ukishuka kwenye gari usije moja kwa moja kwangu. Anza kwa wale vijana. Bisha hodi, uwape pole ya mama na ya baba. Wakikukaribisha, kaa. Wakikufukuza, usibishane nao, vuka barabara uje.

Nitakuwa nimekaa mlangoni.

Baba yako