Majani Machungu na Maji Meusi

Mpemba, Tunduma
12 Septemba 2011

Kaka Osward,

Shikamoo. Wifi Grace hajambo? Na yule mdogo ameshaacha kukohoa? Uliniambia joto la Lindi limewatoa watoto vipele, nikawaonea huruma. Huku upepo wa Septemba unaleta vumbi la malori mpaka ndani ya sufuria, lakini alfajiri bado tunagombania blanketi. Sisi ni wazima. Baba Priska yuko kwenye kazi yake ya forodha, na Priska anauliza kama kweli bahari ina chumvi au mjomba wake anamtania.

Ya mama ndiyo yaliyoniketisha hapa. Barua hii nimeianza tangu asubuhi. Nimeinuka kuangalia jiko, nimeinuka kuangalia mlango, nimeinuka tu bila sababu. Kwenye simu uliniuliza kwa nini namlisha mama kama kuku wa Krismasi, nikakasirika, nikakukatia. Nisamehe. Leo nakujibu kwa kalamu, maana kwenye simu huwa nalia kabla sijafika mwisho wa sentensi, nawe unaanza kunifundisha kana kwamba nimekaa darasani kwako.

Nilimpeleka hospitali mwezi wa tano, baada ya siku ile alipotupikia ugali, tukala, tukanawa, kisha akainjika tena maji ya kusonga mwingine huku akilalamika kwamba tumemlaza na njaa. Daktari alikuwa dada kijana, mpole. Alinieleza kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, si uzee tu wala si mkono wa mtu, na kwamba hakuna dawa ya kurudisha kilichokwisha kupotea. Nadhani aliniona nilivyokaa, kwa sababu akaongeza kwamba wataalamu wanachunguza vyakula. Alitaja mboga za majani zenye kijani kilichokolea, samaki wenye mafuta, manjano, hata kahawa. Alisema ndani yake kuna vitu ambavyo huenda vikaulinda ubongo, huenda vikauchelewesha ugonjwa, ila hakuna aliyethibitisha bado, na kwa mtu ambaye ameshaanza kuugua nisijipe matumaini makubwa. Kaka, vile vyakula nilivisikia vizuri sana. Yale maneno mengine niliyaacha palepale kwenye benchi.

Tangu siku hiyo sijatulia. Mnavu asubuhi, majani ya maboga mchana, majani ya maharage jioni. Dagaa nampa na vichwa vyake. Manjano nikatia kwenye mboga, kwenye chai, mwishowe kwenye uji. Jumapili moja nikampeleka kanisani midomo yake ikiwa ya njano kabisa, na kina mama wakamtazama yeye kuliko walivyomtazama mchungaji. Habari zikafika kwetu Ihanda kabla ya sisi kufika nyumbani. Mjomba Efraimu akanipigia kuuliza ni mganga gani huyo ninayemwendea. Nikamwambia ni kiungo cha pilau tu. Akasema pilau anaijua, haijawahi kuliwa kwenye uji.

Kahawa ndiyo itakayokuchekesha. Mimi na wewe tumekulia ndani ya kahawa. Tumeichuma, tumeimenya, tumeiosha, tumeianika kwenye vichanja, na wingu likitokea tu mama anapiga kelele tunakimbia wote kuifunika. Ada zako zote zilitoka mle. Lakini niambie, katika nyumba ile ni nani aliyewahi kuinywa? Sisi tulikunywa chai, kahawa ikaenda zake kwenye magunia. Basi nikamwomba Mjomba anipe kidogo, akanipa ikiwa bado na ganda lake la ndani. Nikaichambua, nikaiosha, nikaibandika jikoni kama maharage. Nimechochea mkaa tangu asubuhi mpaka Baba Priska akaja kula cha mchana, haijaiva. Nikaona basi, nikachuja yale maji nikampa mama. Alipiga funda moja, akanitazama, akapiga la pili.

Jirani yangu Stumai, yule mke wa mfanyabiashara wa vitenge, aliingia akafunua sufuria na kuuliza kama leo tunakula makande. Nilipomweleza alikaa chini sakafuni kwa kicheko. Yeye ni wa Tanga, kwao kahawa inanywewa tangu mtu hajaota meno. Alisema hajapata kuona mtu wa Mbozi, mtoto wa mkulima wa kahawa, anayeichemsha kama kunde. Akaichukua iliyobaki, akaitwanga ganda likatoka, akaipeta, akaikaanga mpaka majirani wote wakanusa, akaitwanga tena na tangawizi. Nikiwa na miaka arobaini na kitu, kaka, ndipo nikaonja jasho la mama yangu. Ni chungu, halafu ni nzuri.

Utaniuliza kama vyote hivyo vimesaidia. Sijui, na kutojua huko ndiko kunakonimaliza. Siku akiimba wimbo mzima wa kanisa bila kuruka ubeti, mimi naongeza manjano. Kesho yake akimwita Priska kwa jina la marehemu shangazi, naongeza dagaa. Nachungulia sahani yake kila akimaliza. Akibakiza mboga, nakaa mbele yake mpaka aimalize. Baba Priska aliniambia nimegeuka askari magereza, tukanuniana naye wiki nzima.

Mwezi wa nane nilikwenda sokoni kutafuta samaki wa Mpulungu, wale wa ziwani upande wa Zambia, kurudi nikakuta mlango wazi. Nilikimbia mpaka kandambili moja ikabaki njiani. Nilimkuta barabarani, kwenye ile foleni ya malori yanayosubiri kuvuka, anakwenda kutoka dereva hadi dereva akiwaambia mvua inakuja na kahawa iko nje. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna hata wingu. Wengine walicheka. Lakini dereva mmoja Mzambia alishusha turubai lake, akamwomba amwonyeshe kahawa ilipo. Nilipowafikia walikuwa wameshika pembe, yeye upande huu na mama upande ule, wanalitandaza taratibu juu ya majani makavu kando ya lami. Akamwambia sasa imefunikwa, bamayo, yaani mama kwa lugha ya kwao, nenda ukapumzike. Na mama alitulia, akarudi nami nyumbani kama mtu aliyemaliza kazi. Mimi niliyemjazia tumbo miezi yote hiyo sijawahi kumtuliza hivyo. Nilimwonea wivu yule dereva, nakwambia ukweli.

Sasa nifike kwenye lile ambalo limenifanya niandike.

Alhamisi iliyopita, saa za mchana, nilimpelekea kikombe chake cha kahawa na sahani ya mnavu. Alikuwa amekaa barazani. Akanikaribisha kwa heshima kubwa, akanisogezea kigoda, akaniuliza natoka wapi. Nilidhani ananitania. Nikajibu natoka hapahapa Mpemba. Akasema vizuri, basi nitakuwa namfahamu binti yake, Fides. Nikasema namfahamu kidogo.

Akaanza kunisimulia. Alisema huyo Fides ana wasiwasi tangu utotoni, hata radi ikipiga Chunya yeye alikuwa anaingia chini ya kitanda. Alisema siku hizi kuna kitu kimemtisha, hajui ni nini, mtoto hasemi, ila anampa majani machungu na maji meusi kutwa kucha na anakaa pale kumtazama mdomo. Yeye mwenyewe haumwi popote, wala vile vitu havipendi, vinamsokota tumbo. Lakini amegundua kwamba akivila, yule binti uso unakunjuka, na siku hiyo analala. Basi anavila. Akaniomba nisimwambie.

Kisha akatazama njia, akaninong'oneza kwamba amechoka leo, nimsaidie kumalizia kikombe, maana Fides akirudi akakuta kimebaki atalia.

Nilikinywa, Osward. Nilikinywa chote mbele yake, akanishukuru, akasema nina moyo mzuri na mama yangu amenilea vema.

Tangu siku hiyo sijamlazimisha chochote. Mboga napika kwa sababu ni mboga, akitaka anakula. Hofu bado ninayo, usiku nageuka geuka, asubuhi mkono unaenda wenyewe kwenye kopo la manjano, naurudisha. Lakini nimeshajua kwamba huko alikokwenda hakunisahau. Ameniweka mahali, na ananiona mtoto wa kutunzwa.

Ndiyo maana nakuomba usingoje likizo ya Desemba. Omba ruhusa, uza kitu, fanya unavyojua, uje sasa wakati bado anaweza kuongea. Mjomba Efraimu anakusalimu na anasema atakupokea stendi. Wabusu wifi na watoto kwa ajili yangu, Stumai naye anatuma salamu ingawa hamjaonana. Na ukifika, kaka, asipokutambua, tafadhali usijitaje jina. Kaa karibu naye umuulize habari za Osward.

Mimi mdogo wako,
Fides