Kiraka Kisichokuwa na Tundu

KITUO CHA POLISI
MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Wizi wa kazi ya sanaa namba 14 kutoka ukumbi wa maonyesho
Jina la shahidi: limeandikwa kwenye jalada, anajulikana zaidi kwa jina la Mama Uzi
Umri: miaka 54
Kazi: kushona na kurekebisha nguo, nyumbani kwake
Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya karakana ya matairi
Uhusiano na mtuhumiwa: mke wake
Tarehe na saa ya kuandikwa: 8 mwezi wa sita, saa saba na dakika kumi mchana

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu na njaa. Afande amesema habari ya njaa si lazima iandikwe. Nimemwambia aiandike, maana tangu asubuhi hatujatia kitu mdomoni, na mtu akija kusoma huko mbele akaona nimekuwa mkali ajue sababu.

Mume wangu ni fundi rangi wa nyumba kwa miaka thelathini na moja. Watu wanamwita Mara Mbili, kwa kuwa hajawahi kupaka ukuta mara moja akaridhika. Ana ovaroli moja tu ya buluu. Kila anapomaliza kazi ana utaratibu wake: anapigilia msumari kwenye ukuta wa mwisho, anaitundika ovaroli hapo, anakwenda zake. Ovaroli ikiwa bado imening'inia, maana yake kazi haijakabidhiwa. Mwenye jengo akague, aseme palipobaki, na siku ya kukabidhi mume wangu anarudi, anachukua nguo yake na kuliziba tundu la msumari. Mafundi wenzake wote wanalijua hilo na hakuna anayeigusa. Nimemwambia mara nyingi kwamba tabia hiyo itamponza. Alinicheka, na sasa hivi yuko chumba cha pili kutoka hapa.

Mnamo tarehe 5 mwezi huu, siku ya Jumatano, alimaliza kupaka ukumbi wa maonyesho rangi nyeupe, akatundika ovaroli yake kama kawaida. Aliyempa kazi ni msimamizi wa jengo, ambaye Alhamisi asubuhi alisafiri kwenda kuuguza, na simu yake haipatikani mpaka sasa. Alhamisi hiyo hiyo jioni wakaja watu wa kutundika picha. Leo ndiyo nimeelezwa kwamba walikuta nguo ukutani, wakaangalia orodha yao, wakaona namba 14 haijafika na haina jina la mtu, wakasema basi ndiyo hii. Wakaiwekea kadi. Ijumaa jioni maonyesho yakafunguliwa, sisi tuko nyumbani tumelala fofofo, hatujui hili wala lile.

Leo Jumamosi, majira ya saa nne na robo asubuhi, tulifika ukumbini mimi na mume wangu, maana leo ndiyo siku ya kukabidhi aliyopatana na msimamizi wa jengo. Yeye alibeba ngazi, mimi ndoo ya brashi, kwa sababu kutoka hapo tulikuwa twende kupaka jiko la dada yangu. Mlinzi akatuambia ngazi ibaki nje. Ndoo hakuiona.

Nilikuwa sijawahi kuingia ndani ya ukumbi ule. Ulikuwa unang'aa, na harufu ya rangi ilikuwa bado haijaisha. Kulikuwa na picha kubwa za miraba, kulikuwa na kiti kisicho na pa kukalia kilichoandikwa usikalie, na mwisho kabisa, ukuta wa kushoto, kulikuwa na watu kumi na mmoja wamesimama kimya. Niliwahesabu. Nikadhani kuna mtu amezimia. Nikachungulia katikati yao nikaona ovaroli ya mume wangu, imemulikwa taa kutoka juu, na pembeni kadi: "14. Bila jina. Msanii hajulikani."

Nieleze ukweli, afande, maana nimeahidi kusema ukweli. Nilisimama pale nikaiangalia. Ile nguo miaka yote naiona ikiwa mapajani kwangu, karibu na pua, au mwilini mwa mtu anayekimbilia kazini. Sijawahi kuiona ikiwa imetulia, nami nikiwa mbali. Viraka vyote vya mbele vilikuwa pale. Goti la kushoto lina vitatu, kimoja juu ya kingine, kwa sababu ndilo goti analolipiga anapopaka sehemu za chini. Mzee mmoja mwenye miwani ya kamba alikuwa anawaambia mabinti wawili kwamba goti lile ni la mtu anayeomba. Nilitaka kumwambia haombi, anapaka chini ya dirisha. Lakini mama mmoja kando yake alikuwa anafuta machozi, nami nikaona nisimharibie. Niliona imependeza. Nasema bila haya: imependeza.

Wakati huo mume wangu naye amefika. Akasema "samahani, samahani jamani," akapenya, akaitoa ovaroli kwenye msumari, akaivaa pale pale juu ya fulana na suruali yake. Akang'oa msumari. Akatoa kimfuko chake cha lipu, akaliziba tundu kwa kidole gumba, akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama liko sawa. Mtu mmoja akapiga makofi. Wengine wakafuata, na mwisho wote kumi na mmoja wakawa wanapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Mume wangu akadhani wanausifia ukuta. Akaweka mkono kifuani akasema, "Asanteni sana, nimeupaka mara mbili." Mimi nilishika ukuta kwa kucheka, sikuwa na mbavu. Alipofika mlangoni ndipo mlinzi akapuliza filimbi.

Dada anayesimamia maonyesho alikuja mbio. Ni mpya pale, hamjui mume wangu, na mume wangu hamjui yeye. Alimwambia, "Baba, tafadhali, umevaa kazi ya sanaa." Mume wangu akamjibu, "Hapana binti yangu, nimevaa ovaroli." Wakaambiana hivyo mara nne au tano, kila mmoja kwa adabu kabisa, mpaka mlinzi akaita gari la polisi. Majira ya saa tano na dakika ishirini tulikuwa hapa kituoni, yeye mtuhumiwa, mimi na ndoo yangu.

Hapa ndipo nilipoogopa kweli. Afande wa kaunta, huyu huyu anayeniandikia, alisema lazima ajaze sehemu ya aina ya mali. Ikiwa ni nguo chakavu, ataandika malalamiko, watu watasuluhishana, mume wangu ataenda nyumbani. Ikiwa ni kazi ya sanaa iliyokuwa kwenye maonyesho, atafungua jalada, na mume wangu atalala ndani siku mbili mpaka Jumatatu apelekwe mahakamani. Kwa hiyo akauliza: hiki ni kitu gani?

Mlinzi alisema ni sanaa, kwa sababu kilikuwa na namba na kilikuwa chini ya taa. Nikamwambia hata viatu vyako vina namba, na hapa tulipo taa inawaka, basi tukutundike. Afande alinionya. Nimekubali onyo.

Yule dada hakuwa mtu mbaya, naomba hilo liandikwe vizuri. Alisema, "Afande, mimi sisemi ni sanaa kwa sababu iko ukutani. Nimeiangalia nguo hii siku mbili. Kuna mtu alikaa chini akachagua. Kitambaa hiki kiende hapa, uzi wa rangi hii upite pale. Simjui ni nani na namtafuta. Nikiacha kazi yake itoke mlangoni namna hii, nitamwangalia vipi siku akija?"

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, hatua mbili kutoka kwake. Miaka ishirini na tisa ya ndoa, na hakuna mtu aliyewahi kusema habari za uzi wangu namna hiyo. Nikasema, "Ni mimi."

Aliniangalia kuanzia kandambili mpaka kitambaa cha kichwa. Akasema kwa upole, "Mama, unisamehe, lakini mume wako yuko matatani. Mtu yeyote angesema hivyo." Hapo damu ikanichemka. Lakini alikuwa na haki, nami ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Afande akamwamuru mume wangu avue ovaroli, akaifungia kwenye droo, akanitaka nitaje viraka bila kuviona. Nilitaja vyote kumi na saba. Goti la kushoto: pazia la mama mkwe, gunia la unga, na suruali ya kaka yangu aliyenenepa. Kiwiko cha kulia: sketi ya shule ya binti yetu wa kwanza. Mfukoni: mwavuli. Kuna na kile cha katikati ya miguu, ambako kitambaa kilichanika siku aliporuka mtaro mbele ya wateja, nikaomba kisiandikwe. Afande amekiandika. Mume wangu aliinamisha kichwa.

Dada yule alitikisa kichwa. Alisema nilisimama mbele ya nguo hiyo asubuhi, kisha nikafuatana na aliyeivaa, ningeweza kukariri. Akauliza kama kuna jambo ambalo mtu hawezi kuliona kwa macho. Nami nilijua lipo, na lilikuwa moja tu, na nilikuwa nimelificha kwa miaka sita. Nilimwangalia mume wangu. Nikapiga moyo konde.

Nilisema hivi: mgongoni, katikati ya mabega, kuna kiraka cha manjano chenye maua madogo. Kifumueni. Chini yake hakuna tundu.

Mume wangu akainua kichwa. Akasema, "Unasemaje?" Kwa sababu miaka sita iliyopita nilimwambia amechanika mgongoni kwenye msumari wa mlango, na aliniomba radhi kwa uzembe, na tangu siku ile kila akipita mlangoni anapita upande upande kama anayebeba kabati.

Afande akaitoa ovaroli kwenye droo. Nilichomoa pini kwenye kola yangu nikafumua mishono minne mbele yao wote. Nikainua pembe ya kiraka. Kitambaa cha chini kilikuwa kizima kabisa, tena kilikuwa buluu, buluu ile ya dukani, ambayo sehemu nyingine zote imeshapauka kwa jua na sabuni. Mlinzi ndiye aliyetangulia kuinama kuangalia, akaniambia, "Mama, shikamoo," wakati tulikuwa pamoja tangu asubuhi.

Nimeulizwa na afande kwa nini nilishona kiraka mahali pasipo na tundu. Nimejibu kwamba wakati ule ovaroli ilikuwa bado mpya, na mume wangu alikuwa anapaka jengo lililo mbele ya dirisha langu, yeye na wenzake wanne, wote wamevaa buluu, wote wameipa barabara mgongo. Mimi nilikuwa nimeshona gauni la mteja na kimebaki kipande cha manjano. Afande akasema, "Kwa hiyo ilikuwa alama, ili umtambue." Nimemjibu hapana. Mume wangu namjua hata kwa kisogo, namjua kwa anavyoweka mguu kwenye ngazi. Sikuhitaji alama. Nilikaa dirishani nikauona ule mgongo wa buluu, nikaona pale katikati panataka manjano. Basi. Nilikuwa na furaha siku ile, na nilitaka kuiona nikiwa nimekaa mbali. Viraka vingine kumi na sita nilivishona kwa sababu nguo ilichanika. Kile nilikishona kwa sababu nilitaka kukiona.

Mume wangu alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alisema, "Miaka sita napita mlangoni kama kaa, kumbe nimebebeshwa maua." Afande naye alicheka, ingawa sasa ananiangalia niseme hakucheka.

Yule dada hakucheka mwanzoni. Alikigusa kile kitambaa cha buluu kwa kidole kimoja, akasema tu, "Ni wewe." Kisha akafuta macho, ndipo akacheka na yeye. Alisema hana malalamiko tena. Halafu akamgeukia mume wangu akamwomba kama ovaroli inaweza kurudi ukutani kwa wiki mbili zilizobaki.

Mume wangu alisema, "Mimi mvaaji tu. Aulizwe fundi."

Nyumbani kwetu neno hilo siku zote lilikuwa lake. Watu wakibisha hodi wakamwita fundi, anayeitika ni yeye, hata kama wameleta suruali. Kwa hiyo ilinichukua muda kuelewa kwamba wote wanne wananiangalia mimi, na kwamba wanasubiri.

Niliwaambia irudi. Jiko la dada yangu mume wangu atalipaka na suruali yake, itachafuka, nitaifua. Lakini nimeweka sharti moja na nimeomba liandikwe hapa kipolisi ili wasije wakasahau. Waliitundika vibaya. Kifua kilikuwa kinatazama watu na mgongo umelala ukutani. Waigeuze.

Hayo ndiyo ninayoyajua na niliyoyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, nimesahihisha idadi ya viraka, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami na kusomwa mbele ya shahidi, akakubali ni sahihi. Mtuhumiwa ameachiwa saa nane na dakika tano mchana. Mishono minne iliyofumuliwa imerudishiwa na shahidi mezani kwangu. Mali imekabidhiwa kwa msimamizi wa maonyesho pamoja na sharti la kuitundika. Kitabuni nimejaza hivi. Aina ya mali: sanaa. Mwenye nguo: mume. Aliyeifanya: mke. Kosa: hakuna.