Mguu Nje ya Mstari

Crescent Town, Toronto
Oktoba 1998

Wifi Épiphanie,

Sisi wazima, ila baridi imeanza. Kaka yako Gaspard siku hizi ni mwamuzi wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi, na sheria zake anazisoma kama alivyosoma zile za mahakamani Bukavu.

Jumamosi timu ya msimamizi wake wa kiwandani ilipiga mpira wa kuanzia. Ukabingirika karibu na mstari wa pembeni, bado uko ndani. Mpinzani akakanyaga nje, akainama, akaugusa. Gaspard akatupa kitambaa cha njano: mpira umetoka, na ule wa kuanzia ukitoka kosa ni la waliopiga.

Msimamizi akamjia juu. "Mpira ulikuwa ndani, huoni?"

"Sheria inatazama miguu ya aliyeugusa," Gaspard akajibu taratibu. "Yeye alikuwa nje, basi na mpira uko nje."

Wifi, ni sauti ileile aliyomhukumia yule kanali, hukumu iliyotufanya tukimbie. Mimi niliyekuwa nimekaa nikitazama nikajikuta nimesimama, kama watu wanavyosimama jaji akiingia.

Jumatatu akafukuzwa kazi kiwandani. Usimwambie mama. Shati lake la milia nimeshalipiga pasi, Jumamosi anachezesha tena.

Mke wa kaka yako,
Carmel