Beji ya Kheiria

Jumanne, 1 Oktoba 1968
Ruhusa imetoka! Miaka mitatu nnasugua kanzu kwenye milango ya wakubwa, leo karatasi nnayo: binti yangu Kheiria aingie Maskati. Mwisho wake tarehe thelathini Novemba. Ikipita, imekufa, naanza upya. Nilimwacha Unguja ana miaka tisa, kwa bibi yake mzaa mama. Mama yake marehemu. Sasa ana kumi na tatu. Nimeruka ruka kama mbuzi wa Idi aliyesamehewa! Jumamosi ya wiki ijayo Marhoon baharia anakwenda Dar, atavuka Unguja kumchukua, arudi naye.

Alhamisi, 3 Oktoba
Nimekwenda kuuza kambi ya mafuta, na kopo langu la beji. Mteja wangu Kurti, Mjarumani wa mashine. Alikaa Tanga kwenye mkonge, Kiswahili chake kama mlango mbovu — mpaka usukume. Beji hizi nilipewa na baharia bandarini Unguja, nikampa saa isiyotembea. Za watoto wa Kijarumani wakati wa Hitla, zawadi za kukimbia na kuruka. Kila moja naitungia hadithi. Leo nimetoa moja ndogo, herufi mbili za fedha juu ya utepe mwekundu na mweupe. Nikasema, hii ya bingwa wa Berlini!

Hakucheka. Kasema hii ya watoto wa kike, mdogo wake Lote alikuwa nayo. Alikimbia, akaruka, akatupa mpira, wakamvika. Akilala nayo kwa furaha. Alipofika kumi na tano wakampeleka kuzima moto wa mabomu. Hakurudi. Nyuma ya beji kuna namba, na ya Lote anaikumbuka. Akageuza, akasoma. Siyo.

Nimemwachia bure. Mie! Bure!

Jumanne, 8 Oktoba
Jirani yetu Bi Masouda karudi kutoka Dar na barua ya Kheiria, na picha. Mrefu, mashallah! Kaptula, kasimama mstarini na wenziwe. Kifuani beji.

Kaandika: Baba, nimekuwa wa kwanza, na nilikimbia peku. Wamenichukua kambi ya vijana ya serikali. Disemba kuna mashindano makubwa, hata ruhusa ikitoka siwezi kuja sasa, nitakuja baadaye. Niletee viatu vya kukimbilia, namba thelathini na saba.

Bi Masouda anasema mwache mtoto, wallahi ana raha. Nikamchekesha mpaka kanga ikamdondoka. Alipotoka nikakaa.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimempelekea Kurti picha. Kavaa miwani, kaitazama, katazama tena. Nilitaka aniambie hizi si kama zile. Nilimbembeleza kwa macho, kama muuza samaki wa jana.

Kasema tu: "Ya Lote, mama yetu mwenyewe ndiye aliyemshonea kifuani, kwa fahari."

Akarudi kwenye mashine yake.

Ijumaa, 11 Oktoba
Nimenunua viatu. Vyeupe, raba nzuri. Mkono ulinunua wenyewe.

Halafu nikaandika barua: mwanangu, baba yako hoi kitandani, njoo nikuone mara ya mwisho. Nimeshawauzia Wazungu kigae cha jikoni kwangu, nikasema cha malkia. Sikutoka jasho. Hii imenitoa jasho.

Dada Muhsina kanikuta, kaisoma, kanitandika kofi la mgongo. "Unajiombea mauti, mwehu we! Atakuja analia njia nzima, akukute unakula halwa. Atakuamini tena lini?"

"Na ruhusa ikifa?"

Akarudi kupeta mchele.

Jumamosi, 12 Oktoba
Marhoon yuko mlangoni, meli inaondoka adhuhuri. "Mzigo uko wapi, sheikh? Au unamfunga ngamia?" Nimemwambia ngoja, nnakaza kamba.

Kamba sijaigusa. Barua ya ugonjwa imo kwenye bahasha, sijaigundisha: ikienda atakuja, vikienda viatu vitupu atabaki. Kiatu kimoja nimeshakitia boksini. Cha pili nnacho mkononi. Kidogo hiki! Mguu wa mama yake.

Marhoon anabisha tena. Nimemwambia karibu, chai iko motoni. Hakuna chai —