Sikio Lililokuwa Likikulilia

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka. Ilikuwa asubuhi, nesi ametoka kufuata dripu nyingine, na Mama alikuwa ameushika mguu wako kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imejaa mirija. Watu walitutuliza, wakasema mwaka ukigeuka tutazoea. Umegeuka, na hatujazoea hata kidogo. Bado kuna siku tunatoa kikombe chako kabatini pamoja na vingine, halafu mmoja wetu anakirudisha.

Watakaosoma haya na hawakukujua, na wajue kwamba ulikuwa fundi wa vifaa vya kusikia. Daktari wa kliniki alipima masikio, wewe ukayatengenezea mashine zake. Ulipanda zile ngazi zilizo juu ya duka la vipuri vya pikipiki miaka nenda miaka rudi, mfuko wa chakula mkononi na miwani mbili shingoni, moja ya kuonea watu, nyingine ya kuonea skrubu. Mezani kwako kulikuwa na vibrashi vya kutolea nta, vipande vya mrija, na betri ndogo kama punje za mahindi ambazo ulituonya tusije tukazimeza. Chumba cha kupimia kilikuwa na mlango mnene wa kuzuia kelele, mzito kama wa friji, na tulipokuwa wadogo tuliwaambia wenzetu shuleni kwamba baba yetu anafanya kazi ndani ya friji. Habari hizo zilipokufikia, ulikuja kwenye mkutano wa wazazi umevaa sweta na kofia ya baridi, jua likiwaka, ukakaa kimya hivyo hivyo mpaka mkutano ukaisha.

Mtaa ulikuita Fundi Masikio, nawe ukaitika. Watu wengi waliona haya kuvaa mashine; walikuja wameinamisha vichwa, wengine wakauliza kama haiwezi kukaa mfukoni. Ulikuwa na methali yako ya kuwalegeza. "Sikio la kufa halisikii dawa," ulisema, ukanyamaza kidogo, kisha ukamalizia, "lakini linasikia betri." Tuliisikia mpaka tukawa tunaimalizia sisi, kwa sauti za kuchoka, na wewe ukacheka kana kwamba ndiyo kwanza unaisikia.

Kuna mama mmoja alimleta bintiye, akasema, "Fundi, huyu hasikii. Nimemchapa, nimemnyima michezo, hasikii." Ukapiga kengele nyuma ya mtoto. Hakugeuka. Ukamwita daktari, akapimwa, na vipimo vilipotoka ukamwambia mama yule taratibu, "Umesema kweli, mama. Hasikii." Alilia pale kwenye benchi mpaka ukamletea maji. Binti yule sasa ni mtu mzima. Alikuja msibani kwako na mashine zake mbili masikioni, akakaa mstari wa mbele.

Jambo moja hukuwahi kulifanya, nalo ni kumuuliza mtu, "Unasikia?" Ulisema swali hilo kila mtu huliitikia ndiyo, kwa adabu tu, hata kiziwi. Wewe ulimaliza kurekebisha mashine, ukapita nyuma ya kiti, ukasema chinichini kama mtu anayeongea peke yake, "Umevaa viatu visivyofanana." Mtu akiangalia miguu, kazi imekwisha. Asipoangalia, unarudi mezani na bisibisi yako.

Mama ndiye aliyeangalia miguu mara nyingi kuliko wote. Kelele za kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi zilimla masikio polepole, naye akaficha, akawa anaitikia ndiyo kila anachoambiwa. Siku moja ulimwambia kutoka nyuma yake kwamba chai ina chumvi. Akajibu, "Karibu tena." Sisi tuliangua kicheko. Wewe hukucheka. Kesho yake ulirudi na pasta yako ya kuchukulia umbo la sikio, ukamtia kwanza kipamba chenye uzi ili pasta isizame ndani, ukaijaza, ukamwambia asiseme neno mpaka ikauke. Baadaye ulituambia hiyo ndiyo mara pekee uliyowahi kushinda ubishi ndani ya nyumba hii.

Kwa umbo lile ulimtengenezea kizibo, kile kidude laini kinachokaa kwenye tundu la sikio na kuishikilia mashine. Kizibo kikikaa sawasawa, mashine inatulia. Kikilegea, sauti inavuja na mashine inapiga mluzi mwembamba ambao mvaaji mwenyewe hausikii, wanausikia walio karibu naye. Basi mjukuu wako, huyu uliyemwita Kasuku kwa kurudia kila linalosemwa, akawa mpiga mbiu wako. "Babu, sikio la Bibi linalia." Nawe, uwe unakula au unasoma gazeti, ulinyoosha mkono bila kutazama, ukakisukuma kizibo kwa kidole gumba, ukasema, "Linanililia mimi." Mama alikupiga kofi mkononi kila mara, na kila mara alikuachia sikio kwanza.

Ulipoanza kuugua figo uliendelea na kazi mpaka miguu ikavimba, ikakataa viatu. Kizibo cha mwisho ulimtengenezea Mama hapa nyumbani, juu ya meza ya kulia, Mkwe akikushikia taa. Mkwe ni fundi mwenzako wa kliniki. Ana mume wake na watoto wake, lakini ulimwita hivyo tangu siku ulipotaka kumwozesha kwa kitindamimba wetu, na jina likamganda. Ulikisugua kizibo kile kwa msasa laini, ukakipitisha mdomoni kutafuta mkwaruzo, ukakisugua tena. Mkwe alipokuambia kimetosha ulimjibu kwamba sikio hilo wewe ndiye unayelijua.

Wiki ya mwisho hospitalini, nesi alikuletea vidonge. Ulivitazama kiganjani mwake, ukasema, "Sikio la kufa halisikii dawa." Tukangoja umalizie. Hukumalizia, Baba, na hakuna kati yetu aliyeweza kukumalizia.

Tangu hapo Mama amekonda. Magauni yalimpwaya, kisha pete, mwishowe na sikio. Kizibo chako, kilichokuwa kikimkaa kama kimeota naye, kikawa kinapiga mluzi tangu anapoamka. Mezani, barabarani, hata kwenye foleni ya benki, watu wakageuka kutafuta ni simu ya nani. Kasuku alitangaza kama alivyozoea, "Sikio la Bibi linalia," kisha akakitazama kiti chako. Baadaye Mama akawa anaivua mashine, anaiweka kwenye droo, anakaa sebuleni bila kusikia chochote. Dada yetu mkubwa ndiye aliyemkabili, akimwinamia sikioni.

"Mama, twende kwa Mkwe akutengenezee kizibo kingine."

"Ninacho. Baba yenu alinitengenezea."

"Hakikukai tena. Umekonda."

"Basi nitanenepa."

Na alijaribu. Alikula kwa ukaidi, sahani juu ya sahani, akimeza kama anayemeza vidonge, huku hamu hana. Akimaliza anakivaa kizibo na kumuuliza Kasuku, "Linalia?" Kasuku, ambaye hajui kudanganya, anasema linalia. Mama anafuta mdomo, anarudi kukaa. Tukamwacha. Tulidhani ni kazi ya mikono yako ndiyo inayomwia vigumu kuiachia, na kwa hilo nani angemlaumu.

Halafu ikatokea siku ya birika. Alilibandika, akaenda kukaa sebuleni, amekipa kisogo kijia cha kwenda jikoni. Maji yakakauka, birika likaungua kitako, moshi ukajaa, na Kasuku yuko chumbani, anaogopa kutoka, anaita Bibi, Bibi, Bibi. Jirani ndiye aliyeingia. Hakuna aliyeumia, tunashukuru. Lakini sauti ya Kasuku ilikauka, akawa anaongea kama jogoo mwenye mafua, na Mama, ambaye sauti hiyo hata hakuisikia, alikuwa akimtazama koo linavyohangaika. Haukupita muda tukamkuta amesimama mlangoni, amevaa, na mkoba mkononi.

"Nipelekeni," akasema.

Kule kliniki meza yako iko palepale. Mkwe alimketisha Mama, akachanganya pasta, akaijaza kwenye bomba la sindano. Lilipokaribia sikio, Mama akamshika mkono.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Nikwambie kitu, usinicheke."

"Nikucheke wewe, Mama?"

"Nisiposikia, nakaa pale sebuleni najiambia yumo chumbani. Ananiita, anasema ule upuuzi wake, ila mimi ndiye sisikii. Kosa ni la masikio yangu. Sasa wewe ukinitengenezea kizuri, nitasikia kwamba hayumo."

Mkwe alibaki ameshika bomba hewani. Dada yetu alikuwa amesimama karibu na mlango ule mzito, akautazama ukuta. Mwaka mzima tulikuwa tukibishana na Mama kuhusu kipande cha plastiki. Pasta ina haraka zake, haingoji mtu. Ikagandia ndani ya bomba. Mwishowe Mama ndiye aliyewaonea huruma. Akageuza shavu, akasogeza kilemba, akalitoa sikio.

"Tupa hiyo, changanya nyingine. Yule mtoto koo litampasuka."

Kizibo kilipokuwa tayari tulirudi naye. Mkwe akamvalisha, akairekebisha mashine, akapita nyuma ya kiti. Tulijua anachotaka kufanya, tukataka kumzuia, hatukuwahi.

"Umevaa viatu visivyofanana," akasema, chinichini, kama wewe hasa.

Mama akaangalia miguu. Alikaa ameinama vile, akivitazama viatu vyake vyeusi, viwili vya jozi moja, na alipoinua uso alikuwa anacheka. Hatukuwa tumemwona akicheka tangu ulazwe. "Yule mzee amewaachieni ujinga," akasema, na Mkwe naye akacheka, na kwa dakika ile chumba chako cha friji kilikuwa na joto kama zamani.

Njiani alituambia kila anachosikia. Viatu vya watu. Shutuma ya konda kwa abiria. Ufunguo wetu kwenye kitasa. Tulifurahi, Baba, tukadhani lile aliloliogopa limepita.

Alipoingia ndani hakuketi. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa chumba chenu, akausukuma, akasimama. Sisi tukabaki nyuma yake. Friji ilikuwa inaunguruma jikoni. Bomba la bafuni lilikuwa linadondosha. Ng'ambo ya ukuta jirani alikuwa anashona kwa cherehani, anaacha, anaendelea. Tulijua anavisikia vyote kwa sababu alikuwa anageuza kichwa kidogo kwa kila kimoja, kukijua, kisha kukiweka kando.

"Baba watoto," akaita.

Akangoja. Alikungoja vizuri, kama anayempa mtu nafasi ya kumalizia kufunga vifungo vya shati.

"Hayumo," akasema.

Kasuku alikuwa amepenya katikati ya miguu yetu. Akamwendea, akasimama kwa vidole, akalitega sikio lake dogo karibu na la bibi yake, akasikiliza kama ulivyomfundisha.

"Bibi, sikio halilii tena."

"Halilii, mjukuu wangu." Mama aliteremka taratibu na ukuta mpaka akakaa sakafuni. "Leo nalia mwenyewe."

Kizibo chako kimo ndani ya kile kikopo ulichokuwa ukihifadhia mashine, chenye punje za kukaushia unyevu, upande wako wa kitanda. Kila jioni anakifungua, anakitazama, anakifunga.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye sasa anasikia kila kitu. Unakumbukwa na sisi wanao, dada yetu mkubwa, mapacha, na kitindamimba ambaye Mkwe hakumpata, dada yako wa pekee, shangazi yetu, anayetupigia simu kila Jumapili kuuliza kama tumekula, wakwe zako, wajukuu zako wote, mbele yao Kasuku, Mkwe mwenyewe na wenzako wa kliniki, na wale wote waliowahi kuangalia miguu yao kwa ajili yako.

Pumzika, Baba. Maadamu tungali tunaitana ndani ya nyumba hii, wewe hatutakusahau.