Firigisi ya Baba Austin

Baba Austin,

Sisi tuko wazima hapa Soweto West. Krismasi jua lilikuwa kali, mabati yakawaka moto, tukatoa sufuria tukala nje na majirani. Austin alishinda na vile viatu ulimnunulia. Vinambana, lakini amekataa kuvua.

Nilichinja jogoo. Firigisi nikakuwekea kwa sahani yako, nikaifunika, maana kwetu imondo, hiyo firigisi, ni ya mwenye nyumba na Austin anajua haiguswi. Ulisema uko kazi Kisumu, lakini nilifikiria unaweza kutokea tu.

Jioni akafika Lenah, dadako. Alikuwa amekuona Kawangware kwa Wangoi, yule mama mwenye ploti, umekaa mezani kama baba wa hapo. Sikulia. Nilimuuliza kitu kimoja tu, "Firigisi alipewa nani?"

Akaangalia chini. "Nelima, alipewa kaka yangu."

Bosko, mbwa wako, alikuwa bado amelala mlangoni akikungoja. Nikafunua sahani, nikamwekea chini. Alikula, akailamba ikang'aa, halafu akatoka mlangoni akaja kulala kwa miguu yangu.

Usisumbuke kuja kuchukua sahani. Ni ya Bosko sasa.

Nelima