Baba Mkwe, Ungeniacha Niingie

Baba,

Sikusalimu. Ukiwa hai tulisalimiana kwa mbali, wewe barazani na mimi mlangoni mwa jikoni, nimeinamisha kichwa kama mke wa mtoto mwenye adabu. Sasa umelala kando ya migomba yako hapo Myanga na mimi nimechoka na adabu. Nina hasira na wewe mpaka chakula hakishuki.

Nimemaliza kozi. Ndiyo, ile ile. Ile uliyowaambia wanaume wa sokoni ati mke wa Wekesa amekwenda Kitale kusomea kushikashika miguu ya wazee. Wakacheka, nawe ukacheka nao. Miaka miwili nilitoka hapo kwako na begi langu kurudi chuoni, na hata siku moja hukuniuliza hiyo fizio ni nini. Si ungeuliza tu? Ningekuambia ni kazi ya kumrudisha mtu kwenye miguu yake. Sijawahi kusema mimi ni daktari.

Kisha ukaanguka wewe mwenyewe, ukipalilia mahindi. Kiharusi kikachukua upande wote wa kulia. Hospitalini Bungoma walikulaza, wakakuruhusu, wakasema mazoezi yaendelee nyumbani. Nyumba nzima ikanigeukia mimi. Nilikuwa likizo, mwaka wa pili, na madaftari yangu yalijaa ugonjwa huo huo. Nikafika mlangoni pa chumba chako. Ukaniona, ukageuza uso ukutani, ukasema kwa ule ulimi uliokuwa mzito, "Mkwe hagusi mkwe. Atoke."

Nikatoka!

Mwiko naujua. Nimezaliwa Kimilili, sikuzaliwa Ulaya. Mke wa mtoto haingii chumbani kwa baba mkwe, hamgusi, hata mkono hampi. Lakini wazee wenyewe walikuja wakakuambia kuna njia: toa kondoo, tukae chini, tuseme maneno yake, mwiko ulegezwe. Kondoo ulikuwa nao sita. Sita, Baba! Ukakataa.

Basi nikafundisha kupitia dirishani. Nani amewahi kuona kioja kama hicho? Mimi niko nje, nimesimama kwenye maua ya Mama, mkeo, mgongo nimekupa ili nisikuone, napiga kelele: mgeuzeni ubavu, mwekeeni mto chini ya bega, msimvute mkono! Na Wekesa huko ndani anajibu "ndiyo, ndiyo", huku anafanya vile watu wote hufanya, anakuinua kwa kuuvuta ule mkono uliopooza. Nikasikia umepiga yowe. Nikajua bega limeteguka, nikajua kabla hawajaniambia, na miguu yangu ikabaki pale pale kwenye maua. Wageni walipokuja kukuona ukawaambia ni mimi. Ati hayo ndiyo masomo ya Kitale, kuvunja watu.

Baada ya hapo hukutaka kugeuzwa na yeyote. Ukalala chali mpaka mgongo ukafanya vidonda. Harufu ilinifikia dirishani, na nikamwambia Mama waziwazi itaishia wapi. Akalia. Nikarudi chuoni, na mwezi haukuisha kabla sijapigiwa simu.

Siku ya mazishi mzee mmoja wa ukoo alisimama akasema kuna watu wanasomea kutibu wazee wa wengine huku wa kwao wanaoza. Macho yote yakanigeukia. Na mkwe hajibu.

Mtihani wa mwisho, ule wa vitendo, nilipewa mzee wa Malakisi. Upande wa kulia, kama wewe. Nilipomshika bega nikamwomba mwalimu dakika moja, nikaenda nyuma ya pazia nikalia. Kisha nikanawa uso, nikarudi, nikamkalisha. Nilipita.

Sasa sikia. Kiharusi kimempata ndugu yako, Baba Mdogo. Naye ni mkwe wangu kama wewe, mwiko ni ule ule. Siku ya tatu tu akatoa kondoo. Wazee wakaja, wakasema maneno yao, chai haijapoa mimi niko ndani. Jana amesimama, Baba. Amesimama akishikilia kitanda, mimi nimemshika kiuno, na mkewe anapiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio.

Nilipomlaza tena akanishika mkono na kuniambia jambo. Ati hukukataa kwa sababu ya mwiko. Ati ulimwambia, "Ninajikojolea. Yule mtoto ananiheshimu, asinione hivi."

Baba. Ilikuwa aibu? Aibu tu? Wodini Kitale kila asubuhi nilibadilisha shuka za machifu wastaafu, za wahubiri, za walimu wakuu. Mkojo ni maji! Wewe ukaacha mgongo uoze, ukanitukana mbele ya watu, ukaniachia lawama ya ukoo mzima, ili niendelee kukuheshimu? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hayo ulikuwa ukiwaambia wengine.

Ungesema ni aibu ningefunga macho. Naapa, ningejifunga leso usoni nikakugeuza kwa kupapasa. Nilikupenda, mzee mkaidi wewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo. Wewe ulijificha, na mimi nikatii. Hapo ndipo panaponichoma zaidi.

Lala basi. Sijakusamehe, na sitakudanganya ati nimekusamehe. Lakini ahadi nakupa. Mzee mwingine akigeuza uso ukutani akaniambia nitoke, sitatoka. Nitawatoa wale wengine wote, nitafunga mlango, na nitamwuliza polepole kama kitanda kimelowa.

Ni mimi,
Nasimiyu, mke wa Wekesa